Saratani Inayosikia Dawa

Hapa Sikonge, mkoani Tabora, neno saratani likishatamkwa, ndugu wa mgonjwa huanza kunong'onezana kuhusu shamba na nani atalea watoto. Siwalaumu. Wengi wameona saratani ya shingo ya kizazi au ya koo ikifika hospitali ikiwa imeshakomaa, na mgonjwa akarudi nyumbani na dawa za maumivu tu. Lakini mimi nimekuwa muuguzi tangu enzi za sindano za kuchemsha, na ipo saratani moja ambayo nikiisikia sikati tamaa mpaka niwe nimeuliza swali la pili. Ni saratani ya mitoki, ile ambayo madaktari huiita limfoma. Swali lenyewe ni hili: ya aina gani?

Nauliza hivyo kwa sababu chini ya jina hilo moja yamejificha magonjwa mengi yasiyofanana hata kidogo. Aina moja humuua mtoto katika miezi michache asipotibiwa, na akitibiwa sawasawa inaweza kuondoka isirudi maisha yake yote. Aina nyingine mtu mzima anaweza kuishi nayo miaka 20 akilima na kuozesha watoto, na hakuna dawa iliyoitoa kabisa mwilini. Nyingine inakaa tumboni, na mara nyingi tiba yake ya kwanza ni vidonge vile vile vya vidonda vya tumbo. Familia isiyojua aina haijui iogope au isubiri, iuze ng'ombe au iwaache malishoni.

Mitoki tunaifahamu wote. Ni tezi ndogo za shingoni, kwapani na kinenani, zinazovimba mtu akiwa na jipu mguuni. Ndani yake hukaa seli nyeupe za damu, na kundi moja la seli hizo, linaloitwa seli B, kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Seli B ina desturi ambayo seli nyingine nyingi hazina: kila inapokutana na kijidudu, hukata vipande vya vinasaba vyake na kuviunga upya, ili kingamwili imkae barabara adui huyo. Kazi hiyo ikirudiwa mara nyingi mno, ipo siku kipande huungwa mahali pasipo pake, na seli moja ikaanza kuzaana bila kusikia amri ya kuacha. Ndiyo maana nyuma ya limfoma nyingi za seli B utakuta ugonjwa mwingine uliokaa mwilini muda mrefu: malaria ya kila msimu, VVU, homa ya ini, au bakteria wa tumboni.

Ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa ya taya. Bibi mmoja alimleta mjukuu wake kutoka upande wa Kitunda, msichana mdogo, shavu la kushoto limejaa na jicho la upande huo linasukumwa juu. Kijijini walishamng'oa meno mawili wakidhani yameoza. Hayakuwa yameoza. Yalikuwa yanaelea kwenye nyama laini, yanatikisika ukiyagusa kwa kidole. Nilimpima uvimbe kwa kipande cha bandeji, nikakifunga fundo. Siku chache baadaye fundo lile halikufika tena. Sijaona kitu kingine kinachokua namna ile katika mwili wa binadamu, isipokuwa mimba, na hata mimba ina subira kuliko uvimbe ule.

"Sista, amerogwa huyu?" bibi aliniuliza.

Nilimwambia kwamba hata kama yupo aliyemroga, ugonjwa wenyewe tunaujua jina na una dawa, lakini gari la Tabora linaondoka asubuhi. Nilijua kwamba ningeanza kubishana naye kuhusu uchawi, gari lingeondoka bila mtoto.

Jina la ugonjwa ule ni limfoma ya Burkitt, na limetokana na daktari wa upasuaji aliyeufuatilia kwa gari. Sisi watu wa mkoa huu tumezoea wageni wa kupita na madaftari. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapo, mwaka 1872. Waliuliza mito inaanzia wapi. Denis Burkitt, daktari kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda, aliuliza kuhusu taya za watoto. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwangalie mvulana mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye sura ile ile. Vitu viwili vya ajabu vinavyofanana havikumruhusu alale. Aliandika makala yake ya kwanza mwaka 1958, kisha akaanza kutuma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika: mmewahi kuona mtoto wa namna hii?

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford kutoka Kampala, wakashuka hadi Afrika Kusini na kurudi. Ilikuwa safari ya maili kama 10,000 katika wiki kama 10, na walipita hospitali zaidi ya 50. Walipomaliza kuchora ramani, jibu lilikuwa limejitokeza lenyewe. Karibu na ikweta, penye miinuko ya zaidi ya futi 5,000, ugonjwa ulikuwa haupo. Bondeni penye joto na mvua ulikuwepo. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imebanwa wakati ule, ulikuwa nadra. Ramani ya uvimbe ilikuwa ndiyo ramani ya mbu. Sikonge iko chini ya futi hizo 5,000, mvua tunazo na mbu hatujawahi kuwakosa. Mkoa wetu wa Tabora mpaka leo ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Lakini malaria peke yake haitoshi. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Akaomba atumiwe vinyama vya uvimbe. Vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe, na kwa muda mrefu hakuona kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kichupa kimoja ilikuta ukungu London ikageuzwa kwenda Manchester. Kichupa kilichelewa, na maji yake yakawa yameingia ukungu kama yaliyooza. Mtu mwingine angekimwaga. Epstein alitazama kwanza kwenye darubini akaona seli zilizo hai zinaelea, akazikuza, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya, ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Karibu sote tunacho. Tunakipata utotoni kwa mate, na wengi hatujui hata siku kilipoingia. Kwa mtoto anayeugua malaria tena na tena, seli B zenye kirusi hicho huzaana kupita kiasi huku ulinzi wa mwili umelegea, na hapo ndipo ile hitilafu ya kuunga vinasaba inapopata nafasi. Wengi wanaougua wana umri wa miaka kama 4 hadi 7.

Nimeisimulia habari ya kichupa kwa makusudi, nitairudia muda si mrefu. Kwanza tiba.

Kampala ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu cha daktari kingemwacha mtoto bila uso. Burkitt akabaki na dawa: siklofosfamidi, methotreksati, baadaye vinkristini. Watoto wengine walipata dozi moja au mbili tu, na uvimbe ukayeyuka katika siku chache. Nairobi, daktari Peter Clifford alikuwa anaona mambo hayo hayo. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya Mmarekani John Ziegler, na baada yake Mganda Charles Olweny. Huwa nawakumbusha vijana wa kliniki kwamba ulimwengu ulipokuwa bado unabisha kama saratani inaweza kuponywa kwa dawa tupu, sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye wodi za watoto za Afrika Mashariki.

Wengi hawaamini nikiwaambia kwamba limfoma inayokua haraka ndiyo inayoponyeka zaidi. Fikirieni moto wa kiangazi huku kwetu. Moto wa nyasi unatisha, unakimbia kuliko mtu, lakini ukiupiga kwa matawi unazimika na umekwisha. Moto ulioingia kwenye gogo la mninga hauna mwali, unaweza kupika juu yake, na utaukuta bado unafuka wiki nyingine. Dawa nyingi za saratani hupiga seli inapogawanyika. Seli ya Burkitt, ambayo uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, inagawanyika mfululizo, kwa hiyo haina pa kujificha. Seli ya limfoma ya polepole imelala muda mwingi, na dawa inampita aliyelala.

Kasi hiyo ina hatari yake. Uvimbe mkubwa ukifa kwa mkupuo mmoja, taka zake humiminika kwenye damu na kuziba figo. Ndiyo sababu mtoto huwekewa maji mengi ya dripu na kupewa alopurinoli kabla ya dozi ya kwanza, na ndiyo sababu tiba hii haifanywi zahanati hata kama dawa ingepatikana. Pia hudungwa dawa kwenye uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa una tabia ya kujificha kwenye ubongo. Twalib Ngoma wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Kenya na Nigeria, walichapisha mwaka 2012 matokeo ya mpango wa dawa tatu rahisi: baada ya miaka miwili, kama asilimia 62 ya wagonjwa walikuwa hai. Ulaya na Marekani, kwa dawa kali zaidi, ni karibu watoto 9 katika 10. Tofauti hiyo haitokani na ujuzi. Dawa kali huangusha chembe za damu, na mtoto anahitaji damu ya kuongezewa, antibiotiki nzuri, maabara inayofanya kazi usiku na lishe. Pasipo na hivyo, dawa kali zingeua watoto wengi kuliko ambavyo zingeokoa.

Burkitt ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Miaka miwili ikipita bila uvimbe, daktari anaweza kumwambia mama kwamba mtoto amepona, na asimung'unye maneno. Mjukuu wa yule bibi alipona. Meno mawili yale hayakuota tena, na picha zote anapiga kwa upande wa kulia.

Kwa watu wazima, aina inayoonekana zaidi duniani ni limfoma ya seli B kubwa. Hii nayo ni ya haraka, ingawa haiifikii ya Burkitt. Mgonjwa anakuja na mtoki wa shingoni usiouma, jasho la usiku linalolowesha shuka, homa zisizoeleweka, nguo zinampwaya. Sasa, hayo yote ndiyo dalili za kifua kikuu cha mitoki, ambacho kwetu kipo kwa wingi. Nimewaona waliomeza dawa za TB mpaka mkojo ukawa rangi ya chungwa miezi na miezi, huku mtoki unapanda kidevuni. Simlaumu mtabibu aliyeanza na TB, kwa sababu mara nyingi inakuwa TB kweli. Ila mtoki unaoendelea kukua wakati mgonjwa anameza dawa kwa uaminifu unadai kitu kimoja, nacho ni kuchukuliwa kinyama.

Hapa narudi kwenye kichupa. Bila kinyama hakuna aina, na bila aina kila mtu anabahatisha. Sindano nyembamba ya kufyonza husaidia kuanza, lakini kwa limfoma mara nyingi daktari wa vinyama anataka mtoki mzima, kwa kuwa aina nyingine hujulikana kwa jinsi seli zilivyojipanga, si kwa sura ya seli moja. Kinyama huwekwa kwenye fomalini, ujazo kama mara kumi ya kinyama chenyewe, katika chombo chenye mdomo mpana. Si kwenye spiriti, wala maji ya chumvi, wala kwenye kichupa cha sindano ambacho kinyama kikishavimba hakitoki mpaka kikatwekatwe. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye chombo chenyewe na si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Nimefunga vichupa vya namna hiyo vikapanda basi kwenda Tabora na kuendelea Mwanza. Kila nilipomkabidhi kondakta nilimwambia amebeba mtu mzima mle ndani. Wengine walicheka, lakini walikiweka mbele, karibu na dereva.

Maabara kubwa ikishathibitisha kuwa ni limfoma, hutumia rangi maalumu kuona kama seli zina alama iitwayo CD20. Alama hiyo ndiyo shabaha ya rituksimabu, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 na kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani mwaka 2015. Si sumu ya seli kwa maana ya zamani. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, inayoshika seli B na kuitia alama ili mwili uimalize. Huongezwa juu ya dawa nne za siku nyingi: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni. Kwa kawaida ni dozi sita, kila moja baada ya siku 21. Kwa mpango huo kiasi cha wagonjwa 6 katika 10 wa limfoma ya seli kubwa hupona moja kwa moja. Hata bila rituksimabu, kwa zile dawa nne peke yake, wapo wengi wanaopona, na nasema hivyo kwa ajili ya mgonjwa atakayeambiwa kwamba dawa ya gharama haipo mwezi huo. Aanze na zilizopo.

Wenye VVU wapate neno lao hapa. Kirusi hicho huongeza sana uwezekano wa kupata limfoma, na zamani kabla ya ARV tulikuwa tunawafariji tu. Siku hizi mgonjwa anayemeza ARV zake vizuri hupewa dripu zile zile, na nafasi yake ya kupona inakaribia ya mtu asiye na VVU. Jambo jingine ni homa ya ini B. Rituksimabu inaweza kukiamsha kirusi cha ini kilicholala miaka mingi, na ini likaharibika ghafla wakati limfoma inaondoka. Kipimo chake ni tone la damu. Uliza kama umepimwa kabla ya dozi ya kwanza.

Kuhusu zile za polepole nitasema kidogo, kwa sababu zenyewe hazitaki haraka. Iliyo maarufu ni limfoma ya folikula. Mgonjwa asiye na shida anaweza kuambiwa aende nyumbani, arudi baada ya miezi mitatu aangaliwe, na asipewe dawa yoyote. Familia nyingi hudhani wametupwa. Hawajatupwa. Kuanza dawa mapema kwa mtu asiye na dalili hakumwongezei miaka, na madhara ya dawa anayapata bure. Ikimsumbua hutibiwa, hutulia miaka kadhaa, hurudi, hutibiwa tena. Wengi huishi nayo miaka 15, 20 na zaidi. Linalohitaji macho ni mtoki mmoja kuanza kukua ghafla kuliko mingine, kwani ugonjwa wa polepole unaweza kubadilika ukawa wa haraka, na hapo kinyama kichukuliwe upya.

Sasa tumboni. Mzee mmoja mrina asali, mtu wa kukaa porini wiki nzima na mizinga yake, alikuwa na vidonda vya tumbo tangu nimjue. Alitafuna vidonge vya magnesi kama karanga. Alipoanza kupata choo cheusi na kukonda, wanawe walimpeleka hospitali ya rufaa, akaingizwa kamera, vikachukuliwa vinyama. Majibu: limfoma ya tumbo. Walirudi Sikonge, ukoo ukakaa kikao, na kijana wake mkubwa akanifuata nyumbani amekasirika.

"Shikamoo, Mama. Wewe ni mtu wa hospitali, hebu tuambie. Wamesema baba ana saratani, halafu wametupa vidonge vya vidonda vya tumbo vya wiki mbili. Wanatuona washamba?"

Nilimsomea karatasi. Ilikuwa limfoma ya aina iitwayo MALT, iliyo juu juu kwenye ukuta wa tumbo, na kipimo cha bakteria kilikuwa chanya. Nikamweleza kwamba vidonge vile ndivyo tiba yenyewe.

Historia yake inarudi Mulago kwa mlango mwingine. Dennis Wright, daktari wa vinyama aliyekaa Kampala miaka ya 1960 akichunguza uvimbe wa Burkitt kwenye darubini, baadaye alihamia Uingereza. Mwaka 1983 yeye na Peter Isaacson wakaieleza limfoma hii ya tumbo kama ugonjwa wa peke yake. Karibu na wakati huo huo, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wamegundua kwamba bakteria anayeitwa Helikobakta anaishi ndani ya tumbo, mahali ambapo kila kitabu kilisema hakuna kiumbe kinachoweza kuishi. Marshall alifikia kumnywa bakteria mwenyewe ili kuthibitisha. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kuunganisha habari hizi mbili kulichukua miaka kumi: mwaka 1993 Andrew Wotherspoon, Isaacson na wenzao waliwapa wagonjwa sita wa limfoma ya tumbo antibiotiki za kuua Helikobakta, na kwa watano limfoma ikayeyuka.

Maelezo yake ni mepesi. Tumbo la kawaida halina mitoki. Bakteria akikaa miaka mingi, mwili hupeleka seli B pale kupambana naye, na baadhi yao hugeuka saratani, lakini saratani ya ajabu, ambayo bado inategemea uchokozi wa bakteria ili iendelee kuishi. Mwondoe bakteria, nayo inanyauka. Hutokea hivyo kwa wagonjwa kama 3 katika 4 ikiwa ugonjwa haujatoka nje ya tumbo. Hainyauki kwa wiki moja. Inaweza kuchukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi, na muda wote huo mgonjwa anarudi kwenye kamera. Kabla ya hapo hupimwa kama bakteria ameondoka kweli, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na akiwa ameacha omeprazoli wiki mbili, vinginevyo kipimo hudanganya. Akiwapo bado, antibiotiki hubadilishwa. Kwa wale ambao bakteria ameondoka na limfoma imekaa pale pale, kuna mionzi ya kiasi kidogo, inayofanya kazi vizuri sana. Miaka 10 baada ya kugunduliwa, wengi mno wanakuwa hai. Kamera lakini haiachwi, kwa kuwa tumbo lililokwisha kuumizwa namna hiyo lina hatari zaidi ya kupata saratani ile nyingine ya kawaida ya tumbo.

Kama kinyama kingeonyesha seli kubwa badala ya MALT, mzee yule angepewa dripu zile sita. Zamani tumbo lote lingekatwa. Siku hizi kisu huachwa kwa ajili ya tumbo linalovuja damu isiyokoma au lililotoboka.

Kwa hiyo mnaonunua dawa za tumbo dukani, nusu dozi leo na nusu mwezi ujao: mnamfundisha bakteria kuzishinda antibiotiki ambazo siku moja zinaweza kuwa ndiyo tiba yenu ya saratani. Watu wengi Afrika Mashariki wanaye bakteria huyu, na wachache mno hupata limfoma, hivyo sitaki mtu apoteze usingizi. Ila mwenye choo cheusi, anayekonda, anayetapika chakula cha jana, au aliyeanza vidonda baada ya umri wa miaka 50, huyo anahitaji kamera, si kidonge kingine.

Kupona nako kuna mambo yake. Doksorubisini, ile dripu nyekundu inayofanya mkojo uwe mwekundu pia, ina kiwango ambacho moyo hauwezi kuvuka maisha yote. Mtu aliyepona akiwa na miaka 25 anaweza kuanza kuhema akipanda mlima akiwa na miaka 45, na daktari atakayemwona wakati huo lazima ajue alipata kiasi gani. Kadi ya matibabu ikae na hati ya shamba. Vinkristini huacha ganzi kwenye vidole. Kwa wengi hupungua, kwa fundi cherehani ni msiba. Siklofosfamidi inaweza kupunguza uzazi, na kijana ambaye hajaoa ana haki ya kuelezwa hilo kabla ya dozi, si baada ya ndoa kuingia ugomvi.

Lakini sijawahi kuona limfoma ya haraka ikiwashinda watu wa hapa kwa sababu ya moyo au vidole. Nimeiona ikiwashinda mwezi wa kumi na moja. Mgonjwa ameanza dripu kiangazi, baada ya dozi ya pili mtoki umeisha, anakula, anacheka. Mvua zinaanza, miche ya tumbaku inataka kuhamishwa kutoka kitaluni, na nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, zaidi ya kilomita 300 kutoka Tabora mjini, ni fedha ya vibarua. Anasema atamalizia baada ya kukausha tumbaku mabanini. Seli zilizobaki ndizo zile zilizostahimili dozi mbili za kwanza. Anaporudi mwezi wa nne, mtoki umerudi kabla yake, na dawa zile zile hazisikii tena. Kwa watoto, matibabu ya saratani katika hospitali ya Muhimbili hutolewa bila malipo kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, lakini hata dawa ya bure ina nauli, na ina mama aliyeacha watoto wengine nyumbani.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vyama vya msingi vya tumbaku, hapa Sikonge na wilaya jirani. Mnamkopesha mkulima mbolea na mbegu kabla hajavuna jani moja, mnamkata wakati wa mauzo, na wengi hulipa. Mkopesheni pia nauli ya dripu sita, kwa karatasi ya rufaa na kadi yake ya kliniki, mkate kwenye mauzo yale yale. Liwekeni kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, kabla ya mvua.